Mamilionea wa Bombambili

Noti za metikali zilinuka samaki. Za watu wengine sijui, lakini zile alizorudi nazo baba kutoka Msumbiji zilikuwa zimefungwa katika khanga moja na samaki wakavu wa Mto Ruvuma, na alipozimwaga mkekani, chumba chetu cha Bombambili kilijaa harufu ya moshi na magamba. Baba alikuwa fundi seremala, na kwa miezi minne alikuwa ng'ambo akiezeka nyumba za watu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nimeshajua kusoma namba kubwa, na namba nilizoziona zilinifanya nitoe macho. Noti moja tu iliandikwa laki moja! Nilihesabu kwa kidole, nikarudia, jumla ikaja ileile: milioni mbili na laki mbili. Mtaani kwetu milioni ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Mama alinitazama akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikadhani anachekea utajiri.

Ulimi uliponza kichwa, na wangu ulikuwa mrefu. Kesho yake, kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, niliwatangazia wenzangu arobaini kwamba sisi sasa ni mamilionea, na kwamba Jumapili ya komunyo wote waje kwetu, kila mtu atapewa soda yake. Wakati huo soda tuliinywa Krismasi, chupa moja watoto watatu, kila mmoja akichunga mwenzake asipitishe kipimo. Osmund, ambaye hakuamini kitu mpaka akiguse, aliniuliza, "Chupa nzimanzima? Apa!" Nikaapa, tena mlangoni mwa kanisa. Nilirudi nyumbani nikirukaruka njia nzima.

Jumamosi baba alinichukua sokoni kwa Mzee Saidi, Myao wa Tunduru aliyeuza vitenge. Mzee huyo alikuwa akivuka kwenda Msumbiji kununua mali, kwa hiyo metikali alizihitaji, na kila asubuhi aliandika bei yake kwa chaki kwenye mlango wa duka. Baba alikuwa amepiga hesabu kwa bei aliyoisikia njiani, metikali ishirini na mbili kwa shilingi moja, kwa hiyo milioni zetu zingetoa laki moja kamili. Mabati kumi, elfu themanini. Gauni langu jeupe na viatu, elfu nane. Tulipokuwa tunatembea nilijikaza nikamwungamia habari ya soda. Alisimama, akanitazama, kisha akacheka. "Inabaki elfu kumi na mbili," alisema. "Kreti mbili tutapata, mwanangu." Sijawahi kumpenda baba kama nilivyompenda pale barabarani.

Tulipofika, chaki ilisema ishirini na tano.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, binti. Fundi, metikali imeshuka. Wallahi si mimi."

"Lakini juzi ilikuwa ishirini na mbili!"

"Juzi imepita, fundi. Mimi mwenyewe ninazo za kwangu ndani, zimenifia mkononi."

Baba alisubiri mpaka adhuhuri, labda bei ingegeuka. Haikugeuka. Tulipewa elfu themanini na nane, mabati yakanunuliwa, gauni na viatu vikanunuliwa, na kreti mbili za soda zikawa zimeliwa na chaki. Nililia kutoka sokoni hadi nyumbani. Nilimwona Osmund akicheka, nikawaona wote arobaini wakinicheka, na komunyo yenyewe nikaichukia.

Aliyeninyamazisha ni bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye. Hakuuliza mara mbili nalilia nini. "Ahadi ni deni," alisema, "ila nani kakwambia deni hulipwa kwa pesa ya aina moja tu? Na mimi nabadilisha. Kwangu soda moja ni vikombe vitatu vya togwa. Waambie wenzio ndiyo bei, na haishuki." Kimea cha ulezi alikuwa nacho, amekianika siku nyingi kwa ajili ya sikukuu hiyo. Jioni hiyohiyo alipika uji wa mahindi kwenye vyungu vyote vya nyumba na vya jirani, akautia kimea, na hadi Jumapili nyumba nzima ilinukia utamu.

Walikuja wote, weupe kama kuku wa kisasa. Nilisimama mlangoni, nikatangaza bei. Osmund alitazama vidole vyake, akavihesabu.

"Vitatu? Vilivyojaa?"

"Vilivyojaa," bibi alijibu kutoka ndani.

"Basi mimi soda yangu nabadilisha yote!"

Loo, siku ile! Tulikunywa, tukacheza uani mpaka vumbi likapanda, kila mmoja na masharubu ya togwa mdomoni. Gauni langu lilipata doa kifuani ambalo halikutoka kamwe, na mama hakugomba. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijaipima.

Siku hizi Msumbiji walishafuta sifuri tatu kwenye fedha yao, na metikali moja inameza shilingi kadhaa. Bei naiona kwenye simu kabla sijapiga mswaki. Mabati ya baba bado yapo, yana kutu kidogo. Bibi ametutoka. Mwezi uliopita binti yangu alipata komunyo, nikafanya sherehe nyumbani kwangu Mjimwema, nikashusha kreti nane za soda bila kumwuliza mtu bei. Osmund alikuja kwa bodaboda yake, na wanawe wawili. Nilimpa soda baridi, inatoa jasho. Aliishika, akaizungusha, kisha akaiweka mezani mbele yangu bila kuifungua.

"Gaude," alisema, "leo mnabadilishaje?"

Nikaenda jikoni, kwenye chungu cha togwa niliyoipika jana yake, nikarudi na vikombe vitatu. Vilivyojaa.