Mackrine, karani anayeliogopa goti lake mwenyewe

Mlango wa ofisi unafunguliwa, na goti la kulia la Mackrine Byabato linaanza kujikunja. Anawahi kuishika kaunta kwa mikono yote miwili, anajinyoosha. Aliyeingia ni dereva wa ofisi tu, rika lake. Hofu ya bure.

"Huwa naangalia viatu kwanza," anasema, akicheka kicheko cha kujikaza. "Viatu vya mtu mzima navijua. Nikiviona tu, goti linaanza."

Ni asubuhi ya Jumanne mjini Kayanga, wilayani Karagwe. Mackrine, mwenye umri wa miaka 24, ni karani wa mapokezi katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa kahawa. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya ofisini, na hajawa na uhakika nayo. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, kwa posho ya shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na majaribio hayo yanaisha Ijumaa hii. Kwa lugha ya mtaani, amekalia kuti kavu.

Msomaji wa mbali anaweza kucheka. Lakini kwao Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, msichana aliyelelewa humsalimia mkubwa wake akiwa amepiga magoti. Iwe migombani, iwe njiani, iwe kwenye matope ya masika, goti linashuka kwanza, salamu inafuata. Mackrine hakumbuki siku aliyofundishwa. Anakumbuka tu kwamba asiyefanya hivyo alisemwa kijiji kizima.

Goti hilohilo nusura limkoseshe kazi siku ya usaili.

Alikuwa amezunguka na stashahada yake ya utunzaji wa kumbukumbu kwa mwaka mzima. "Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu," anasema. "Nikawa najiuliza, huo uzoefu wa kwanza watu wanaupatia wapi?" Alipoitwa Kayanga, usiku hakulala. Akaingia chumbani, akakuta watu watatu wazima mezani, na kabla hajafikiri lolote alikuwa chini sakafuni, anaamkia.

Mama mmoja kati yao, mgeni kutoka Morogoro, aliinuka kwenye kiti kwa mshtuko. "Mdogo wangu, simama! Hapa kazi haiombwi kwa magoti."

"Nilitaka ardhi ipasuke," Mackrine anakumbuka. "Sikuwa naomba kazi. Nilikuwa nasalimia."

Walimchukua, lakini kwa sharti. Meneja, Yustus Rwechungura, alimwambia siku ya kwanza kuwa mtu wa mapokezi husalimia amesimama. Yustus mwenyewe ni mtoto wa Muleba, na mila hiyo anaijua vizuri.

"Nyumbani kwangu ningempongeza," meneja huyo anasema. "Lakini mnunuzi akitoka Moshi akamkuta binti yuko chini, ataondoka akisema tunanyanyasa wafanyakazi. Na akiwa chini, simu nani anapokea?"

Kuna jambo moja ambalo Mackrine hajamwambia mtu kwao. Mama yake, Evangelina, hajui habari za majaribio. Yeye anajua binti yake kaingia ofisini, basi. Ameshatangaza kwenye jumuiya ya kanisa, na misa ya shukrani imesomwa kigangoni. "Nikirudishwa, nitapita wapi?" Mackrine anauliza. Machozi yanamlengalenga, na hayafichi. "Nyakatuntu kuna njia moja tu ya kufika nyumbani, na inapita mbele ya kanisa."

Saa nne hivi, viatu anavyoviogopa vinaingia. Ni raba nyeusi zilizochakaa, za Ma Costansia, bibi wa Igurwa aliyekuja kuuliza siku ya kupokea kahawa ya maganda, ile isiyokobolewa. Mackrine anashika kaunta.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

Bibi haitikii. Anamtazama kuanzia kichwani hadi pale kaunta inapomkata.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Nyakatuntu, bibi."

"Nyakatuntu?" Anatikisa kichwa. "Basi na huko mmeharibika." Anageuka, anatoka, anakwenda kukaa kwenye benchi la uwanjani, mgongo kwa ofisi. Swali lake la kahawa kaondoka nalo.

Mackrine anapiga hesabu. Mwanachama akiondoka amekasirika, lawama ni yake. Akipiga magoti, kazi hana. Simu inaanza kuita. Anaitazama simu, anautazama mgongo wa bibi. Kisha anazunguka kaunta, anatoka nje, na pale kwenye changarawe anashuka magoti yote mawili.

"Shikamoo, waitu," anasema, akimwita kwa neno la heshima la kwao.

"Marahaba, mwanangu." Sasa bibi anageuka, uso umelainika. Anaweka kiganja juu ya kichwa cha karani. "Nilijua umelelewa. Haya, niambie, kahawa tulete lini?"

Anaambiwa Alhamisi ijayo, anaaga kwa furaha. Simu imeshanyamaza. Mackrine anainuka, anapangusa sketi, na anapoinua macho anamwona meneja dirishani, amesimama.

"Simu ilikuwa inaita," Yustus anasema Mackrine anapoingia.

"Niliisikia, bosi. Samahani. Nilidhani nikiwa nje si ofisini."

"Uwanja nao ni ofisi. Ofisi inaishia getini."

Kutwa nzima Mackrine alipokea simu kwa sauti ya mtu anayesubiri kipimo cha hospitali, na chakula cha mchana alikirudisha kama kilivyokuja.

Ijumaa jioni anampigia mwandishi wa habari hizi. Hajafukuzwa. Hajaajiriwa pia. Ameongezewa miezi mitatu mingine ya majaribio, na meneja ametamka wazi kwamba akionekana tena chini, ndani ya ofisi au uwanjani, hakutakuwa na nyongeza nyingine.

"Hofu yangu nayo imeongezewa miezi mitatu," anasema.

"Mama anakuja Jumatatu," anaongeza. "Amekata mkungu mkubwa wa ndizi, analeta kumshukuru bosi kwa kuniajiri. Nimemwambia asisumbuke. Ameshapanga."

Anamfahamu mama yake. Ataingia kwa mlango wa mbele, mkungu kichwani, na atasimama pale kwenye kaunta kungoja salamu ya binti yake mbele ya watu wote. Tangu aanze kutembea, Mackrine hajawahi kumwamkia mama yake akiwa amesimama.

Lakini mpango anao. Ameuwaza tangu Jumanne, na anausema polepole, kana kwamba anajikaririsha.

"Nitaomba dakika tano, nitoke nimsubiri nje ya geti, barabarani. Pale si ofisi. Nitapiga magoti hukohuko, aniitikie, nijipanguse vumbi vizuri. Kisha nimpokee mkungu, tuingie wote wawili tumesimama."