Vidukari kwenye Spinachi ya Mama Majani

Wateja walimwita Mama Majani. Kwa miaka kumi na minane alilima spinachi nyuma ya mabwawa ya majitaka ya mji, akichota maji ya mabwawa hayo mtaroni kwa ndoo na kuyamwagia juu ya majani. Mumewe, tarishi mstaafu, hakuwahi kukanyaga pale. "Mke wangu nampenda," aliwaambia majirani, "ila harufu ya ofisini kwake imenishinda."

Mwaka ule spinachi ilistawi ajabu, majani mapana kama sinia. Kisha wakaja vidukari. Ndani ya wiki mbili walijaa chini ya kila jani, weusi tii, majani yakajikunja na kunata.

Bwana shamba alifika, akageuza jani moja, akatikisa kichwa. "Mama, maji haya yana mbolea kupita kiasi. Majani yanalainika, wadudu wanashangilia. Halafu ukiyamwagia juu, mlaji anaweza kuugua tumbo. Chimba shimo, maji yatulie kwanza, kisha mwagilia chini kwenye shina."

"Na hawa wadudu?"

"Wafute kwa maji ya sabuni. Jani kwa jani."

Jirani wa shamba alimletea chupa ya dawa kali. "Puliza leo, kesho vuna." Mama Majani aliishika, akawawaza watoto wa wateja wake, akairudisha.

Jioni alimsimulia mumewe yote. Matuta arobaini ya kufuta! Na aibu juu yake: hakuwahi kumwambia mteja maji anayatoa wapi.

Asubuhi, alipoinama kwenye tuta la kwanza, alisikia mtu akikohoa. Mumewe, kigoda kwapani, leso imefungwa puani.

"Usicheke, mama. Nionyeshe pa kuanzia."

Alicheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko tu.

Walifuta siku tisa. Siku ya tatu leso ilikuwa imeshuka shingoni. Nusu ya matuta yaling'olewa, nusu yalipona. Shimo walichimba pamoja, kwa mapumziko mengi.

Sokoni Mama Majani alisema wazi: "Maji yangu ni ya mtaro. Sasa nayatuliza, simwagii majani. Osheni vizuri, pikeni yaive." Wateja wawili waliondoka. Wa tatu alisita, akigeuzageuza fungu.

"Hilo nimelifuta mimi," mumewe, aliyekuwa kando yake, alisema kwa fahari. "Tuta la kumi na moja."

Mteja akachukua mafungu mawili.