Kaaha na Neno Karantini

Asubuhi ile mke wangu Kaaha alikuwa akifukiza chombo cha maziwa kwa kijinga cha moto, kama kila siku, ingawa maziwa hayakuwapo. Mifugo yetu askari walikuwa wameichukua mwaka uliotangulia. Nikamwuliza anafukiza cha nini.

"Chombo kisipofukizwa kinaharibika," akasema. "Kama wewe usipokunywa chai. Kunywa."

Nikanywa. Akajifunga mtandio akaenda langoni kuomba ruhusa ya kufika mjini Garissa. Binti yetu Kinsi alikuwa amejifungua juzi yake. Kwetu mzazi hatoki nje siku arobaini, na mama yake ndiye anayemkanda, anayempikia. Kinsi hakuwa na mtu mwingine. Mumewe dereva wa lori alikuwa Isiolo, na barabara zimefungwa kwa ajili ya vita.

Kaaha alirudi chai haijapoa. Watu wa kijiji walikuwa wakiugua kuhara. Serikali ilitukusanya mahali pamoja, ikatuzungushia seng'enge ili tusiwape waasi wa shifta chakula, na maji yalikuwa ya pipa moja. Sasa afisa wa kijiji, Bwana Murithi, alisema hatoki mtu.

"Amesema karantini," Kaaha akaniambia. Akakaa chini.

Mimi neno hilo nililijua kwa ng'ombe. Nilipokuwa nikiwapeleka kwa wanunuzi wa bara walizuiwa ng'ambo ya mto mpaka daktari wa mifugo aridhike. Wengine walikonda wakafia pale pale. Yeye alilijua kwa njia nyingine.

Alizaliwa Kismayu. Alipokuwa msichana mdogo Waitaliano waliuchukua mji, naye akawa anafua nguo kwa mke wa mkubwa wa bandari. Kulikuwa na nyumba ya mabaharia wagonjwa, yule mama akiiita karantena. Kaaha akauliza maana yake. Akaambiwa ni hesabu. Kwaranta, arobaini. Zamani kwao, kwenye mji wa Venisi, wakati wa tauni, meli zilizuiwa zisishushe watu. Mwanzo siku thelathini, baadaye wakafanya arobaini, maana ndizo siku alizofunga Nabii Isa jangwani.

Tangu hapo akikutana na Mzungu lazima aulize, "Na kwenu?" Mfaransa mmoja mnunuzi wa ngozi alimwambia kwao neno hilo bado linahesabu. Watu wakiwa kama arobaini hivi, husema karanten ya watu. Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya kabla ya uhuru akasema kwao limebaki kufungia tu, siku zozote. Kisha akakumbuka kwamba sheria ya babu zao ililitumia kwa wajane. Mume akifa, mkewe ana karantini yake, siku arobaini asifukuzwe ndani ya nyumba.

Kaaha alikuja akaniambia, "Hawa nao wana arobaini. Wameisahau tu."

Basi kesho yake, baada ya Murithi kumkatalia, akarudi langoni. Nilikwenda naye.

"Bwana Murithi, karantini ya siku ngapi?"

"Mpaka daktari aseme, mama."

"Karantini ina hesabu. Ni arobaini."

"Nani amekwambia?"

"Wenyewe."

Murithi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. "Mama, ningekuwa na hesabu ningejihesabia mimi kwanza," akasema. "Mke wangu yuko Meru. Sijamwona tangu Krismasi."

"Kumbe na wewe umo ndani," akasema Kaaha. "Karibu."

Askari walicheka. Murithi pia, kidogo.

Akawa anakwenda kila asubuhi. Jirani yetu Maka akamtania, "Kaaha, huyo Mmeru unataka kumwoza nani?"

"Wewe. Ukianza kusema atafungua lango mwenyewe akimbie."

Lakini akiwa nami hakutania. Aliniambia hivi: "Ikiwa ni arobaini, najua kama nitamkuta Kinsi bado yumo ndani au nimechelewa. Bila hesabu siwezi hata kukata tamaa."

Tulikuwa tukizika. Jirani yetu Olow, na mama yake Olow, na watoto. Nani alitangulia sikumbuki. Udongo wa pale ni mgumu.

Kisha siku moja Kinsi akaja. Arobaini yake ilikuwa haijafika. Alitembea kwa miguu kutoka mjini, mtoto amemfunga kifuani, akasimama nje ya seng'enge. Miguu ilikuwa imemvimba. Alimwambia mama yake, "Hooyo, sina mtu." Basi.

Murithi aliitazama miguu ile. Akamwambia askari afungue lango, mama atoke, yeye hakuona kitu. Askari akafungua.

Nilimpa Kaaha mtandio. Akaupokea, akasimama. Nikamwambia nenda. Lango lilikuwa wazi na binti yake yuko pale, hatua chache, na hakwenda. Nilidhani hakunisikia, nikamwambia tena.

Kaaha alikufa baada ya siku mbili. Tulimzika upande wa ndani wa seng'enge. Kinsi alipona. Mjini mwanamke mmoja mchuuzi wa miraa alimchukua nyumbani kwake, akamlea mpaka akatoka arobaini. Mtoto yuko mpaka leo.

Wako wanaosema kwamba Kaaha aliwaogopa askari, kwamba alidhani ni mtego, maana wakati ule aliyeonekana nje alipigwa risasi. Kinsi mwenyewe aliyasikia hayo, akaniuliza. Yeye alikuwa nje ya seng'enge, mtoto analia, hakusikia maneno ya mama yake. Mimi nilikuwa ubavuni pa Kaaha. Alisema hivi:

"Funga, Bwana Murithi. Tumbo limenianza jana. Mwambieni Kinsi arudi mjini akae ndani, arobaini yake haijatimia."