Shikamoo Iliyonishtua Kibandani

Siku ya kwanza ya kazi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama alinyooshea kidole sola iliyolazwa juu ya bati, akasema, "Mama Zuhura, kuanzia leo jua hilo lako. Likipotea tutakuuliza wewe."

Nilicheka mpaka kanga ikadondoka. Kwetu huko juu, milimani Uluguru, umeme ulikuwa haujapanda. Mtu akitaka kuchaji simu anashuka nayo mjini, anarudi kesho yake. Sasa kikundi kimenunua sola, na mimi niliyeishia darasa la tatu ndiyo nimekuwa mama chaji. Weee! Nilijiona.

Kazi yenyewe msiione ndogo, wajukuu zangu. Jua linaingia kwenye sola, linashuka na waya mpaka kwenye betri kubwa kama ya lori, halafu kuna kiboksi kinaitwa inverta, hicho ndicho kinaugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Simu isiyo na chaja yake, unatoa betri unaibana kwenye kobe. Kobe ni kile kibanio chenye vitaa, hakichagui betri. Asubuhi za ukungu wateja wanakaa nje wanalisubiri jua kama bwana harusi. Jirani mmoja alikuja kushtaki eti sola yetu inamaliza jua, maharage yake hayakauki. Mwenyekiti akamjibu, "Basi na wewe kaanue nguo zako, nazo zinakula jua." Yakaisha.

Umeme ulipopanda kazi ikafa. Nikashuka Msamvu, kwa mzee tuliyemwita Fundi Mkuu, mwenye kibanda jirani na stendi. Huyo alikuwa mkali. Simu ikija unaibandika plasta yenye namba, mteja anaondoka na kikaratasi chenye namba hiyohiyo. Na watu wetu kwa kuaminiana! Mtu anakuachia simu na namba yake ya siri anakutajia kwa sauti, stendi nzima inasikia. Fundi Mkuu anaziba masikio. "Mama, namba ya siri ya mtu sitaki kuijua, kama nisivyotaka kujua rangi ya chupi yake!" Kisha ananigeukia. "Na simu ya mteja ikilia, pokea, sema mwenyewe hayupo. Basi. Usipige soga."

Hilo la soga lilinishinda, na nashukuru Mungu.

Maana Fundi Mkuu alipozeeka akafunga, nikaweka kibanda changu Bigwa, hapa barazani. Shoga yangu Bi Mwanaidi alikuwa jirani, nyumba yake haina umeme, simu analeta kwangu. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Anakuja anapapasa ukuta, anauliza, "Hapa ni kwako au kwa muuza mkaa?" Hospitali walishampangia kupasuliwa wiki ile, na hela ya ndizi zake, pamoja na aliyotumiwa na mjukuu wake Shabani, yote imo ndani ya ile simu. Ikitoka hiyo, macho basi.

Shabani anafanya kazi Ngerengere. Mimi na bibi yake katufanya wake zake wawili, na salamu yake matusi matupu. "We kizee, bado hawajakuzika?" Namjibu, "Nakusubiri uje kuchimba, mume wangu mvivu." Tumezoea hivyo tangu hajaota ndevu.

Sasa simu iko kwenye chaji, Bi Mwanaidi kenda kununua dagaa, ikalia. Namba ngeni. Nikapokea.

"Shikamoo bibi. Ni mimi Shabani. Simu yangu imeingia maji, natumia ya rafiki."

Sauti ya Shabani kabisa! Nikasema, "Marahaba." Akasema kuna ujumbe unaingia sasa hivi, una namba sita, nimsomee, ni za hospitali. Ujumbe ukaingia kweli. Chini pameandikwa usimpe mtu yeyote. Nikajiambia, mjukuu naye ni mtu? Mjukuu ni wa nyumbani. Nikavaa miwani.

Lakini ile shikamoo ilikuwa imenikwama kama mfupa wa samaki. Nikamchokoza. "Mume wangu, leo mpole hivyo, umeoa mwingine?"

"Bibi, tafadhali, nina haraka. Nisomee."

Bibi, tafadhali! Shabani? Nikasema, "Ngoja nitafute miwani," nayo iko puani. Nikakata. Nikampigia Shabani kwa namba yake, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Bi Mwanaidi akarudi na dagaa zake, nikamweleza. Akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Mama Zuhura, umewasomea?"

"Sijasoma hata moja."

"Apia."

Nikaapa. Ile namba ngeni ikapiga tena, simu ikaita, ikaita, hatukuigusa. Kisha ikaingia namba yenyewe, jina la Shabani.

"Nyie vizee viwili! Nilikuwa kazini nimezima simu. Mnanipigiapigia nini, mnagombania mume?"

Jamani! Nililia, nikacheka, Bi Mwanaidi akaniparamia dagaa zikamwagika.

Tulipomweleza akajilaumu. Kumbe kaweka kwenye status ya simu yake, kila mtu aone, kajirekodi kwa sauti yake anaomba dua na mchango, "Bibi yangu anapasuliwa macho, namba yake hii hapa." Wanasema siku hizi kompyuta ukiipa sauti ya mtu inaongea kama yeye. Labda. Labda pia ni mtu tu hodari wa kuigiza, mimi sijui. Ila matusi yetu Shabani hakuwa ameyarekodi.

Bi Mwanaidi alipasuliwa. Walipomtoa bandeji akanitazama weee, akasema, "Kha! Mama Zuhura, ndiyo umechakaa hivi?" Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Sasa nimestaafu, kobe langu wanachezea kuku. Juzi Shabani kapiga, kaanza, "Shikamoo bibi, habari za..." Nikamkatia. Akapiga tena.

"We ajuza mchawi, nakupa habari njema unanikatia? Mke mwenzenu mdogo kajifungua mtoto wa kike!"

"Haya sasa," nikasema, "nimekujua, mume wangu. Endelea."