Alhamisi ya Ardith Kucera

Nianze na ubaya wake, maana wema wake mtausikia kwa kila mtu hapa mjini. Ardith Kucera hajui kupika. Maharage yake ya pilipili yana nyama ya kutafuta kwa tochi, na mikate yake ya mdalasini ukiangusha mmoja, ionee huruma sakafu. Amezaliwa shambani ng'ambo ya mto, akaolewa, akaachika, akalea watoto wawili wa marehemu dada yake, akaendesha basi la shule mpaka sauti ikamkauka kwa kuwafokea watoto wa watu. Jikoni aliingia kwa dharura tu. Na mwanamke huyo ndiye aliyepewa Alhamisi yangu!

Kwetu Nebraska mpira wa shule, huu wa Kimarekani wa kushikwa mkononi, ni Ijumaa, na Alhamisi, siku moja kabla, wale vijana watano wa ukuta wanakwenda kula kwa mama mmoja. Wa ukuta ni wale wanaosimama mbele ya mrushaji na kupokea kishindo, ili yeye apate nafasi ya kurusha. Mpira wenyewe hawaushiki, isipokuwa yule wa katikati anayeuanzisha. Mrushaji anatajwa gazetini, wao hawatajwi, basi angalau walishwe. Nami, Verna Dolezal, ndiye niliyewalisha tangu Emil wangu yu hai, kwenye meza ya mwaloni aliyoichonga mwenyewe, yenye mbao za kuongezea katikati, ukikaa hugusani kiwiko na mwenzio. Mungu hakutupa mtoto. Emil alipofariki, siku nyingine zote nilikuwa nikizungumza na redio. Alhamisi nyumba ilijaa.

Msimu huo ukuta wetu ulikuwa chekeche. Cody Brandl, mrushaji, aliangushwa chini hadi mama yake akawa anatazama mechi kupitia vidole. Shule ikaleta kocha mpya wa ukuta, Hoyt Lindgren, mtu mpole mwenye shingo kama gogo. Alhamisi yake ya kwanza alikuja kwangu, akala nyama ya kuoka, akaongeza, akala pai ya cheri. Mimi huku nazunguka na sinia. Galen, wa katikati, namjua hapendi karoti, nampa viazi. Trent, wa mwisho kulia, mchuzi mwingi. Hakuna aliyehitaji kufungua mdomo isipokuwa kutafuna.

Walipoondoka, kocha akabaki akizungusha kofia mkononi.

"Bi Verna, chakula chako hakina mpinzani."

"Najua. Sema kilichokuleta."

"Hawa vijana hawasemezani. Ijumaa iliyopita adui kapita kati ya Trent na Dale, kila mmoja kadhani ni wa mwenzake. Uwanjani lazima mtu apige kelele, huyu wangu, huyu wako. Hapa kwako hawana haja ya kusema. Unawajulia kila kitu."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwajua?"

"Nimewaomba wajaribu kwa Bi Ardith."

"Ardith?" nikasema. "Ardith yupi? Wa basi? Yule anapika au anaadhibu?"

Akacheka, mimi sikucheka. Nilimfungulia mlango, nikaufunga kabla kofia haijafika kichwani.

Wiki mbili nikavumilia. Ya tatu nikashindwa. Nikatoa kabatini bakuli lake alilolisahau kwenye mazishi ya Emil, nikajidai naenda kulirudisha. Ilikuwa Alhamisi, jioni ya chakula, sikatai. Nilisikia kelele tangu barabarani.

Ana kimeza cha kukunja, kile cha kuchezea karata. Majitu matano yamekizunguka bega kwa bega, wamepangwa kama wanavyosimama uwanjani, Galen katikati, na Ardith mwenyewe kajibana kati ya Galen na Dale. Sufuria moja tu.

"Chumvi!" Dale akaita.

"Chumvi kwa nani?" Ardith akafoka. "Ina miguu?"

"Trent, chumvi, nipitishie!"

"Nimekusikia, inakuja!"

"Asiyesema hali," akasema Ardith, kisha akaniona mlangoni na bakuli lake. "Loo, Verna! Karibu, tukubane hapa."

"Asante, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Wivu?"

Wakacheka wote. Wale niliowalisha mimi! Trent alicheka hadi maharage yakamwingia puani, na nikafurahi yalipomwingia. Nikaweka bakuli juu ya friji nikaondoka. Nyumbani nilikaa mbele ya meza ya Emil, nikaanza kuipangusa wakati haina hata vumbi.

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sikujinyonga, nilikwenda uwanjani kila Ijumaa nikaketi na blanketi langu, nikiomba Mungu tushinde na Ardith asisifiwe. Nusu ya dua ilijibiwa. Ukuta ukasimama. Wangu! Wako! Hamisha kushoto! Sauti zilisikika mpaka jukwaa la juu. Cody alirusha mpira na suruali yake nyeupe vilevile. Na baada ya kila mechi wale watano wakapita mbele ya mrushaji, mbele ya wasichana, mbele ya mama zao waliowazaa, wakaenda kumkumbatia dereva wa basi.

Barafu ya kwanza ikaja mapema. Ardith akateleza kwenye ngazi ya basi lake, akavunjika nyonga, na mpwa wake akamchukua akauguzwe kwake mjini Lincoln. Sikumwombea mabaya, ingawa mema pia sikumwombea. Ilikuwa wiki ya mechi ya mtoano, ukishindwa unarudisha jezi. Kocha Lindgren akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi tena.

"Bi Verna..."

"Waje saa kumi na mbili," nikamkata. "Na wavue viatu."

Nilipika siku nzima. Nyama, viazi, mchuzi, mikate ya mdalasini inayopanda kama mito ya kitanda. Nikaweka mbao zote za meza, kila kiti na sahani yake, nafasi ya kutosha kama harusi. Nilikuwa nikiimba! Alhamisi yangu imerudi, nani asiimbe?

Wakaingia na soksi zao. Wakaitazama meza. Kisha bila kusemezana wakavuta viti vyote wakavisogeza upande mmoja, wakabanana bega kwa bega, Trent mwisho, Galen katikati. Nusu ya meza ya Emil ikabaki tupu na sahani zangu nzuri. Nikaumia, jamani. Huyo mwanamke yuko Lincoln na mguu juu, na bado yuko hapa nyumbani kwangu anapanga viti.

Nikashika sinia, nikaanza kuzunguka. Galen, viazi. Hakushika kijiko. Hakuna aliyeshika.

"Kuna nini? Nyama haijaiva?"

"Hapana, Bi Verna." Galen akaangalia chini. Kati yake na Dale palikuwa na kiti kitupu. "Tunakungoja ukae."

"Mimi sikai. Mimi napakua. Miaka yote mmeniona nimekaa?"

"Hatujawahi," akasema Dale. "Bi Ardith anakaa. Pakiwa na pengo hatuanzi."

Nikabaki na sinia mkononi. Miaka yote ile katika nyumba yangu mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuniambia kaa, wala mimi sikuwahi kuacha nafasi ya kuambiwa.

"Chakula kinapoa, Bi Verna," Trent akasema.

Nikaweka sinia katikati ya meza, nikajipenyeza kati yao. Dale akasogea, kiwiko chake kikanigonga ubavuni. Kiti ni changu, kimenunuliwa na marehemu mume wangu, na bado nilihisi nimekalia cha Ardith.

"Haya," nikasema. "Nani ana chumvi?"

Hakuna aliyenipa.

"Chumvi!" nikapiga kelele. "Trent, chumvi, yangu!"

"Inakuja!"