Kifuniko cha Saroléa ya Muzee Barthélemy

Serikali ilipowaambia watu waache majina ya watakatifu warudie asili yao, Bisimwa alitii mara mbili. Jina la Anaclet akaliacha, na pikipiki alizotengeneza hakuzitia tena kipuri kisicho cha asili. "Pièce ya origine, ama ilale," ndivyo alivyowajibu wateja karakanani kwake Kadutu, mlimani juu ya mji, nao wakamchoka.

Ukaidi huo ulikuja kumbana kwenye Saroléa ya baba mukwe wake, muzee Barthélemy wa Walungu. Pikipiki hiyo ya zamani ya Wabeleji ilikuwa tayari yote, isipokuwa kifuniko kimoja cha aliminiamu, cha pembeni mwa injini, kinachozuia mafuta yasimwagike. Cha kwanza kilivunjwa na jiwe, kipande kikubwa kikapotelea njiani. Na muzee alikuwa mgonjwa. Kila aliyetoka Walungu alileta neno lilelile: anataka aisikie mara moja tu kabla hajafa.

Jirani yake Philémon, myeyusha aliminiamu na mmimina sufuria, alijitolea kumimina kifuniko kingine. Bisimwa akakasirika. "Nitie sufuria kwa injini?" Alijua cha kweli kiko wapi: mjini, kwa Mgiriki aliyeuza vipuri tangu wakati wa Wabeleji. Alikiona kwa macho yake. Lakini maduka ya wageni yalikuwa yamechukuliwa yakapewa wananchi, Mgiriki akaenda zake, na mwenye duka mpya akatia kufuli.

Toka hapo Bisimwa hakuwa na raha. Anashuka mjini, kufuli. Anapanda Kadutu, hakai. Chakula anakula amesimama.

"Papa Colombe, kaa basi," mkewe Séraphine akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Unanizungusha kichwa."

Akakaa, akainuka tena. Aliogopa muzee asije akafa, na aliogopa zaidi kumdanganya.

Siku moja akakuta duka wazi, makasha matupu.

"Vile vyuma vya kizamani?" mwenye duka akasema. "Niliuzia watu wa sufuria, citoyen mwenzangu. Kwa kilo."

Bisimwa akapanda mlima mbio mpaka kwa Philémon.

"Ile ya duka la Mgiriki nilishayeyusha," Philémon akasema. "Vifuniko viliingia mwisho, vikatoa sufuria moja kubwa. Maman Colombe alinunua leo asubuhi."

Nyumbani aliikuta jikoni, maharage yanachemka ndani. Akaitazama, machozi yakamtoka, akamweleza mkewe yote. Séraphine hakubishana. Alihamishia maharage kwenye chungu cha zamani, akaisugua sufuria kwa majivu, akampa.

"Kifuniko kimo humu. Peleka," akasema. "Ni papa yangu."

Philémon alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikuambia tangu mwanzo?"

"Nyamaza, mimina."

Jumapili Bisimwa na mkewe wakaifikisha pikipiki Walungu. Muzee alitolewa nje uani na kitanda chake. Kwanza akaipapasa pikipiki yote kwa vidole, polepole, na alipofika kwenye kifuniko Bisimwa akatazama pembeni. Kisha Bisimwa akaipiga teke la kuiwasha. Saroléa ikakataa, ikakataa tena, halafu ikaunguruma, na muzee akafumba macho akisikiliza. Walipoizima bado alikuwa anatabasamu.

"Mukwe wangu, yote iko ya origine?"

"Yote, papa. Kile kifuniko tu, kilipita kwanza jikoni."

Muzee akavuta hewa kwa pua. "Ndiyo maana nasikia na harufu ya maharage."