Kisanduku Kilichotaka Kupungiwa Mkono

Mimi sijui kukaa. Marehemu mama aliniita kiguu na njia, na mume wangu, mtu mpole kupita kiasi, amekuwa akiniomba ninywe chai nikiwa nimekaa angalau siku moja, nijue ina ladha gani. Kwa hiyo mwaka ule baba alipopata kiharusi, mwaka ambao kazi yetu yote ilikuwa kungoja, nusura nipasuke.

Tulimtoa Muleba, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, tukamleta kwetu mjini, Hamugembe, awe karibu na hospitali. Mguu ulirudi mapema. Mdomo ukanyooka, maneno yakarudi, na kejeli zake zote zikarudi nayo. Akaanza kulalamika kwamba amekaa kwa mkwe mpaka mkwe amemzoea. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alisema nguvu ipo kidogo, kinachotakiwa ni kuutumia kila siku, ukiachwa utakakamaa. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akauchukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mfukoni mwa koti. Ukakaa humo.

Kula hakukuwa shida. Alijifunza kula kwa kushoto, peke yake, mlango umefungwa. Shida ilikuwa salamu. Baba yangu ni mtu wa zamani. Kwetu mtoto wa kike hupiga magoti kumsalimia mzee, na mzee humpa mkono. Mgeni naye hupewa mkono kabla ya kupewa kiti, na mkono wenyewe ni wa kulia. Tulimwambia watu wataelewa, kila mtu anajua ameugua. Akasema, "Mimi simpi mtu kushoto," na hakurudia. Basi akawa hapokei wageni. Watu wanatoka Kaagya, wanatoka Muleba na mkungu wa ndizi, nami nasimama mlangoni nawadanganya kwamba mzee amelala, huku tunamsikia wote akikohoa chumbani. Nikimwambia kahawa zinaiva huko kibanjani, turudi, ananijibu kwamba atarudi akiwa na mkono wa kuwapa watu.

Na mimi nikaacha kumpigia magoti. Sikumwambia, wala hatukujadili. Nilianza tu kumwamkia nikiwa mlangoni, nimeshika sufuria au ufagio, nikijifanya nina haraka, jambo ambalo kwangu halihitaji kujifanya sana. Nilitaka kumwondolea aibu. Aliitikia huku akitazama dirishani.

Ndipo mume wangu akaleta ile mashine. Aliipata Miembeni, kwenye duka la vitu vilivyotumika: mashine ya gemu, ya zamani kidogo, pamoja na kamera yake, kisanduku cheusi chembamba kama kifutio cha ubao kilichorefushwa, kinachokaa chini ya televisheni. Hakuna padi ya kushika. Kamera inakutazama mwili mzima, na unachofanya wewe ndicho anachofanya yule mtu wa kwenye skrini. Ukiruka anaruka. Alinunua kwa starehe yake, asinidanganye mtu kwamba alikuwa amemfikiria baba. Niligomba. Nyumba ina mgonjwa, sebule yenyewe ukipiga chafya inajaa, na yeye analeta gemu. Mume wangu akangoja nimalize, kisha akaanza kutoa meza.

Maana kamera ilitaka nafasi. Ukisimama karibu inakuona magoti tu. Ikatoka meza, vikatoka viti, mwisho zikatoka na sofa zote, tukazipanga kibarazani, na kwa kuwa yeye alicheza kila jioni, tukaona ujinga kuzirudisha. Sebule ikabaki mkeka na televisheni.

Ili kamera ikutambue, sharti uipungie mkono. Ikikuona, kimkono cheupe kinatokea kwenye skrini na kuanza kufuata mkono wako. Ukitaka kuchagua mchezo, unakipeleka kile kimkono juu ya picha yake, unakituliza hapo mpaka kiduara kijae. Mimi sikuwahi kukijaza. Mume wangu alisimama nyuma yangu akisema tulia, tulia basi, na mimi nimetulia kabisa kwa maoni yangu, lakini kimkono kinarukaruka kama senene kwenye taa. Nikasusa.

Baba alikuwa akitazama kutoka mlango wa chumba chake. Siku moja akauliza, "Sasa hicho kitu mnakisalimia?"

"Ndiyo, mzee," mume wangu akasema. "Usipokisalimia hakikuoni."

"Kinajua kwamba mimi ni mgonjwa?"

"Hakijui lolote, mzee."

Baba akafikiri. Kisha akaja, akasimama katikati ya sebule, akautoa mkono mfukoni. Nilikuwa nimebeba beseni la maganda ya ndizi na nikabaki nalo. Mkono ulipanda mpaka usawa wa mkanda, ukatetemeka hapo, ukashuka. Kamera haikuona kitu. Mume wangu, kwa nia njema, akamwambia inapokea mkono wowote, hata wa kushoto. Baba akamtazama vile ambavyo mzee humtazama mkwe aliyesahau adabu, akasema salamu ni salamu.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi. Anasimama, anautoa, unapanda kidogo, unashuka. Anapumzika, anarudia. Hakuwa akifanya mazoezi, tusije tukalitamka neno hilo mbele yake; alikuwa akijaribu kusalimia kitu ambacho hakingemhurumia. Na mimi roho juu. Nilifagia sehemu iliyokwisha kufagiwa. Nilitoka nje kuangalia migomba, nikarudi, nikakuta mkono uko palepale, nikatoka tena. Kila ulipofika kifuani nilibana meno, kana kwamba mimi ndiye nimeubeba.

Asubuhi moja nilishindwa. Mkono ulikuwa umefika karibu na bega, haujawahi kufika huko, na kile kisanduku kimekaa tu kinamtazama. Nilikuwa nyuma yake. Nikapunga mkono mimi.

Kimkono cheupe kikatokea kwenye skrini. Uso wa baba ukafunguka, sijapata kuuona vile tangu nikiwa mtoto. Kisha akautazama mkono wake, ulikuwa umeshashuka zamani, na kimkono bado kiko juu kinachezacheza. Akageuka akaniona.

"Umekisalimia kwa niaba yangu," alisema. Akaurudisha mkono mfukoni, akaingia chumbani. Hakutoka siku hiyo, wala zilizofuata. Chakula alikipokea kupitia kwa mume wangu. Nilijichukia, na kwa kuwa sijui kujichukia nikiwa nimekaa, nilifua mapazia yote ya nyumba.

Sofa nazo bado zilikuwa kibarazani, na hilo ndilo lililotuponza. Kuna mama mmoja wa Muleba ambaye kibanja chake kimepakana na cha baba, ndiye aliyekuwa akimwangalizia kahawa. Alikuja mjini kwa shughuli zake, akaona apitie kumjulia hali. Akiwa barabarani bado, akaona sofa, viti na meza vyote viko nje, mapazia yametolewa, sebule inaonekana tupu. Nyumba ina mzee mgonjwa, na vyombo vyake vimetolewa nje ili watu wakae chini. Angeelewa nini? Alianza kulia palepale barabarani. Majirani waliposikia, kila mmoja akajilaumu kwa kuchelewa kujua, wakaja mbio, kanga viunoni. Mmoja alikuwa amekwisha kubeba na kuni.

Nilitoka jikoni mikono ina unga. Nilijaribu kusema, lakini ukimwambia mtu anayelia kwamba hakuna msiba, anakukumbatia na kukwambia jikaze. Nilikuwa nimekumbatiwa na wanawake watatu kwa mpigo wakati mlango ulipofunguka na marehemu akatoka.

Kelele zikakatika. Yule mama wa Muleba alikuwa karibu zaidi, machozi yanamtiririka, na sidhani kama alifikiri. Magoti yake yalijua zamani la kufanya mbele ya baba. Akapiga magoti kwenye saruji, akamsalimia, akanyoosha mkono.

Koti la baba likatikisika upande wa mfukoni. Niliona. Lakini mkono haukutoka.

"Nipo, waitu, ndugu zangu," akasema. "Mmeniwahi."

Akacheka, na wao wakacheka, kicheko cha watu walioogopa, na mwenye kuni akaulizwa sasa atazipeleka wapi. Tuliwapikia chai kwa kuni hizo hizo. Walipoondoka baba alikaa kwenye sofa palepale kibarazani, akatazama barabara aliyopita yule mama.

"Amenililia vizuri yule," akaniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu asubuhi ile. "Na mimi sikumpa mkono." Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakuyaficha.

Kesho yake nilimkuta mbele ya kamera kabla sijawasha moto. Ikawa asubuhi na jioni. Mume wangu aliacha kucheza, akamwachia sebule. Mimi nilijifungia jikoni, maana nilikuwa nimejijua. Mvua zikaja zikapita. Umeme ulipokatika alipungia kisanduku kilichozimika, akasema kinafaa vilevile kwa kujizoeza.

Siku ilipofika, nilikuwa nakanda unga na mikono yote miwili imo ndani ya beseni. Nalitaja hilo kwa sababu baba mwenyewe alikuja kuhakikisha baadaye. Mume wangu aliniita kwa sauti ndogo. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma. Mkono wa baba ulikuwa usawa wa sikio, unatetemeka kutoka begani mpaka kwenye vidole, na kimkono cheupe kilikuwa kwenye skrini, kinatetemeka vilevile. Akakisogeza polepole mpaka juu ya picha ya mchezo mmoja. Akakituliza. Kiduara kikaanza kujaa. Kikajaa. Mchezo ukafunguka, mipira ikaanza kuja upande wake, na yeye akaitazama tu ikimpita.

"Zima," akamwambia mume wangu. "Nipelekeni nyumbani."

Mpaka leo hajacheza gemu hata moja.

Tulifika Muleba kabla ya chakula cha mchana. Habari ilikuwa imetangulia, uani palikuwa na watu. Nilishuka wa kwanza, kama kawaida yangu, nikaanza kuamrisha: godoro huku, mkungu huku, nani ana ufunguo wa jiko. Nilimwona baba kwa jicho la pembeni tu. Yule mama alipiga magoti mbele yake kwa mara ya pili, na safari hii mkono ukatoka mfukoni ukampa. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaanza kulia upya. Wakafuata wengine. Aliwapa wote, mmoja mmoja, na katikati akaomba kiti kwa sababu alikuwa amechoka, lakini mkono hakuurudisha mfukoni.

Nilikuwa napita na kapu la masufuria aliponiita.

"Na wewe?"

"Mimi nini, tata?"

"Wewe hujanisalimia tangu nilipougua."

Nilitaka kumwambia kwamba nimemsalimia kila asubuhi. Ningeweza kuapa. Lakini alikuwa ananitazama, hakutazama dirishani wala barabarani, na mkono alikuwa ameshaunyoosha. Nikaweka kapu chini. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamsalimia kama alivyonifundisha, nikaupokea. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka, na baridi, na ulinibana.

Mume wangu akauliza kutoka mlangoni masufuria yaingie wapi. Nikamwambia angoje.